Aliyehesabu Matundu

Madaktari wanafunzi walipoanza kukata matumbo ya nguruwe, muuguzi Leonsia ndiye aliyepewa kazi ya kuhesabu matundu. Kila tumbo lililotoka kwenye boksi la mazoezi alilipeleka kwenye sinki, akafunga upande mmoja kwa uzi, akalijaza maji kwa upande wa pili na kuliinua juu kwa mikono miwili. Pale maji yalipochuruzika palikuwa na tundu. Aliandika kwenye fomu namba ya tumbo, jina la daktari, aina ya kisu, na kama limevuja au halikuvuja. Kisha alilitupa kwenye ndoo nyekundu akanawa mikono, akaenda kuchukua lingine.

Visu vyenyewe havikufanana na visu. Kila kimoja kilikuwa waya mwembamba, mrefu kuliko mtu, unaopitishwa ndani ya mpira wa kamera mpaka tumboni, na mwisho wake kuna kipande cha chuma kifupi kuliko punje ya mchele kinachokata kwa umeme. Cha aina ya kwanza kilikuwa chuma kitupu mpaka kwenye ncha. Cha pili kilivishwa kwenye ncha kishanga cheupe cha kauri kisichopitisha umeme, ili hata mkono ukiteleza kisichome ukuta wa tumbo. Hospitali hiyo ya binafsi, iliyokuwa upande wa Nyegezi, ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kufundisha madaktari wa magonjwa ya tumbo, na ilitaka kujua mwanafunzi aanze na kipi. Madaktari walikuwa wanne, siku mbili, matumbo ishirini na manne, nusu yake kwa kisu hiki na nusu kwa kile.

Matumbo yaliletwa na mume wake. Maige Mashimba alikuwa na banda la kitimoto Igoma, na mkewe alipomwambia shida ya madaktari alizunguka kwa wachinjaji wenzake siku tatu, akayakusanya na kuyahifadhi kwenye barafu. Alipofika nayo getini, mlinzi alimkataza asipite njia ya watu. Alimzungusha mpaka geti la takataka, akamfungulisha ndoo moja moja na kuchungulia akiwa amejiziba pua, kisha akamwuliza kama ameoga. Maige hakukasirika. Jioni ile aliwaambia wateja wake kwamba nguruwe wake wanasomesha madaktari.

Siku ya pili alasiri, Leonsia alijumlisha fomu zake. Kwa kisu cha kauri, tumbo moja kati ya kumi na mawili lilikuwa limevuja. Kwa kisu cha ncha wazi, saba. Ila kisu cha ncha wazi kilikata haraka, karibu nusu ya muda wa kile kingine, na Dokta Rwehumbiza, mkuu wa kitengo, alipowakusanya wanafunzi wake alianza kwa kusoma dakika. Alimsifu Dokta Chenge, mdogo kuliko wote, aliyemaliza tumbo moja kwa dakika kumi na tisa. Akasema mkono wa namna ile haufundishwi.

Leonsia alikuwa amesimama mlangoni na fomu zake. Alisema, kwa sauti ya kawaida, kwamba kati ya matumbo matatu aliyokata Dokta Chenge kwa ncha wazi, mawili yalivuja, likiwemo hilo la dakika kumi na tisa.

Dokta Rwehumbiza alimtazama kama mtu aliyesikia redio ikiongea yenyewe.

"Sista," alisema, "wewe hesabu matundu. Maana yake tuachie sisi."

Wote walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, walikuwa wamechoka na siku ilikuwa imeisha. Hata Chenge alicheka, ingawa masikio yalimwaka. Leonsia alikunja fomu zake na kuziweka mezani. Mkataba wake wa mwaka mmoja ulikuwa unaisha mwezi uliofuata, na aliyetakiwa kusaini mwingine ni Dokta Rwehumbiza, ambaye bado alikuwa anacheka.

Na alikuwa na jambo lingine kwa mtu huyo, kubwa kuliko mkataba.

&nbsp;

Mama yake Maige, Bi Kashindye, alikuwa amekaa nao Igoma tangu mwaka uliopita. Alikuja kutoka Magu kwa wiki mbili, akazidiwa, hakurudi. Alilalamika kiungulia, akapungua, choo kikawa cheusi. Leonsia ndiye aliyemlazimisha kwenda kupimwa, na kamera ikaonyesha kivimbe bapa sehemu ya juu ya tumbo, kipana kama kifungo cha koti. Majibu ya maabara yalisema ni saratani changa. Maige aliuliza saratani inawezaje kuwa changa. Leonsia alimweleza kwamba bado iko juu juu kwenye ngozi ya ndani ya tumbo, kwamba kwa sasa inaweza kubanduliwa kwa kupitia mdomoni bila kupasua, lakini wakingoja itazama, na ikizama ni kupasuliwa au kuzikwa.

Bei ya kubanduliwa hawakuiuliza mara mbili. Ila katika wiki ile ya mafunzo kulikuwa na nafasi chache za wagonjwa wasiolipa, wale waliokubali wanafunzi wajifunzie kwao. Leonsia alimfuata Dokta Rwehumbiza koridoni na kumsalimia kwa Kihaya, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kazini. Alimweleza habari ya mama mkwe wake. Daktari aliangalia saa, akamwambia amlete Alhamisi. "Nitakuwepo," alisema.

Jioni ile Bi Kashindye alikuwa uani, ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Alikwisha kukataa mara mbili. Alisema watu wa hospitali humwingiza mtu akiwa anatembea na kumtoa kwa machela. Maige alikuwa amechuchumaa mbele yake, anabembeleza, na alipomwona mkewe anaingia alimtazama kwa namna ambayo Leonsia alishindwa kuivumilia.

"Atakayekata ni nani?" mama mkwe aliuliza.

"Dokta Rwehumbiza mwenyewe, mama. Mtu wa kwetu."

Alijua hivyo sivyo alivyoambiwa. Daktari alisema atakuwepo, hakusema atakata. Lakini mama alikuwa amekataa mara mbili, na kila siku ilikuwa inahesabika.

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Nitasimama kichwani kwako mpaka mwisho."

Bi Kashindye alifikiri. Hakuwahi kumpenda sana mkwe huyu, Mhaya mwenye mtoto mmoja tu, anayekwenda kazini hata Jumapili na kumwacha mumewe ajipakulie chakula. Wageni walipomsifu kwamba ana mkwe nesi, alikuwa akijibu kwamba kwao Magu wanasifia mkwe anayelima. Lakini jioni ile alinyoosha miguu yake zaidi kwenye mkeka na kusema kama wanataka kumtazama ndani, basi hata kucha zikatwe, asije akaonekana mchafu. Leonsia alipiga magoti, akamkata kucha za miguu moja baada ya nyingine, na mama mkwe akaweka mkono wake begani kwake ili asitikisike. Mjukuu, Gladness, mwenye miaka saba, aliokota vipande vya kucha na kuvifunga kwenye karatasi.

&nbsp;

Alhamisi asubuhi aliingizwa kwanza mke wa mfanyabiashara wa mabondo ya samaki, mgonjwa aliyelipa. Dokta Rwehumbiza alimkata mwenyewe, kwa kisu cha kauri, polepole, saa nzima na zaidi. Alitoka salama. Kisu kilichotumika kwa mtu hakirudiwi, kwa hiyo kilitupwa. Vya kauri vilikuja vichache, na vingi vilikuwa vimeishia kwenye matumbo ya nguruwe. Kabatini kilibaki kimoja, ndani ya pakiti yake, kimebandikwa karatasi yenye maandishi ya daktari: Saa nane. Aliyekuwa anakuja saa nane naye alikuwa amelipa. Ufunguo wa kabati ulikuwa kwenye mfuko wa sare ya Leonsia.

Bi Kashindye alilazwa kwa ubavu wa kushoto, akawekewa kibano cha plastiki katikati ya meno na kubandikwa kibao cha umeme pajani. Presha yake ilikuwa chini, kwa hiyo dawa ya usingizi alipewa kidogo. Alikuwa amelala nusu. Akiitwa jina, jicho moja lilifumbuka na kufumba.

Kisha Dokta Chenge aliketi kwenye kiti cha mkataji na kuvaa glavu.

Leonsia alimtazama Dokta Rwehumbiza. Alikuwa amesimama ukutani nyuma ya mwanafunzi wake, simu mkononi. Mkufunzi mgeni aliyeletwa kusimamia mafunzo alikuwa na ndege mchana ule, na kabla ya kuondoka alitakiwa kusaini kwamba kila mwanafunzi amekata mtu angalau mara moja. Wawili walikuwa bado. Rwehumbiza hakuwa anamfikiria Bi Kashindye kwa ubaya wala kwa wema. Alikuwa anafikiria saini mbili na saa moja na nusu.

Chenge naye alikuwa na mawazo yake. Alikuwa hajalala vizuri siku tatu. Kwenye nguruwe, kisu cha kauri ndicho kilichompa amani, na angependa kukiomba. Lakini mbele ya wenzake alikuwa ameshasifiwa kwa ile haraka yake, na mtu aliyesifiwa hivyo anaombaje kisu cha waoga. Alipiga alama kuzunguka kivimbe, akadunga maji chini yake mpaka kikainuka kama lengelenge, akanyoosha mkono wa kulia bila kugeuka.

"Kisu."

Kwenye trei palikuwa na kisu cha ncha wazi.

"Daktari," Leonsia alisema, na hakusema kwa Chenge, alisema kwa aliyesimama ukutani, "kile cha kauri kipo kabatini. Ufunguo ninao."

"Kile ni cha saa nane."

"Huyu ni mama mkwe wangu."

"Najua. Ndiyo maana yuko hapa bila kulipa." Dokta Rwehumbiza hakuongeza sauti. "Toa kisu, Sista, au mwite mwenzako aje atoe."

Mkono wa Chenge ulikuwa bado umenyooshwa, glavu inameta. Leonsia alihesabu mambo kwa haraka. Akikataa, ataingia mwingine na kisu kitatolewa vilevile, naye atakuwa koridoni, wakati aliahidi kusimama kichwani. Akifungua kabati bila ruhusa hatafanya kazi tena katika hospitali ile. Na huenda mkono wa Chenge leo usiteleze. Nguruwe watano kati ya wale kumi na wawili hawakuvuja.

Alitoa kisu.

Dakika kumi za mwanzo zilikwenda vizuri. Katika ya kumi na moja damu iliziba picha. Chenge alikanyaga umeme kwa muda mrefu zaidi ili kuikausha, na wakati huohuo mama mkwe alitaka kutapika, mwili mzima ukashtuka. Damu ilipooshwa, kwenye kioo palionekana shimo jeusi na nyuma yake mafuta ya njano ambayo hayapaswi kuonekana kutoka ndani ya tumbo. Leonsia aliweka kiganja juu ya tumbo la mama mkwe wake akalikuta linavimba na kukaza, hewa inapita.

Dokta Rwehumbiza alimsukuma Chenge kando na kushika mpira mwenyewe. Walikuwa na vibanio vitatu vya kufungia. Cha kwanza kilianguka. Cha pili kilishika. Cha tatu kilichana ukingo na kuliongeza shimo. Baada ya nusu saa aliagiza waitwe madaktari wa upasuaji, na Bi Kashindye akasukumwa mbio mpaka chumba cha upasuaji, kucha zake safi zikitokeza chini ya shuka. Kivimbe kilikuwa juu mno na mchano ulikuwa mkubwa. Waliondoa tumbo lote.

Mgonjwa wa saa nane hakuja. Alipiga simu kusema amepata safari ya Dar es Salaam, atapanga siku nyingine. Saa kumi Leonsia alifungua kabati kuhakiki vifaa, kama alivyotakiwa kila siku, akaandika kwenye daftari kwamba kisu cha kauri kimoja kipo, pakiti haijafunguliwa, akasaini.

&nbsp;

Maige alikuwa kwenye benchi koridoni na chupa ya uji aliyoileta akidhani mama ataamka na njaa. Dokta Rwehumbiza alimfuata pale na kumweleza, kwa upole, kwamba tumbo la mama lilikuwa jembamba kuliko kawaida, likatoboka, imebidi apasuliwe, lakini yuko hai na saratani imeondoka yote.

Maige alimgeukia mkewe. "Ni kweli lilikuwa jembamba?"

"Hutokea," Leonsia alisema.

Basi Maige alisimama, akamshika daktari mkono kwa mikono miwili na kumshukuru. Alimshukuru na Chenge pia, aliyekuwa anapita na macho yameangalia sakafu. Alisema madaktari wakija Igoma wasile kwa mtu mwingine, waje kwake. Chenge alisema sawa, mzee, ingawa Maige hakuwa amemzidi hata miaka minane, akaenda chooni na kukaa humo muda mrefu.

Wiki tatu baadaye mama alirudi nyumbani. Mtu asiye na tumbo hali kama watu wengine. Kila baada ya saa mbili alilishwa vijiko sita au saba vya uji, au mchuzi wa sato uliochujwa, kisha alitokwa jasho, moyo ukamwenda mbio, akalala kwa kutetemeka mpaka lishe nyingine. Kijiko cha nane alikitapika. Leonsia alibadilishana zamu na wenzake, akaamka alfajiri kumlisha, akamfundisha Gladness kumpa ya saa nne siku zisizo na shule. Alimgeuza na kumfulia. Maige alijaribu mara moja kumwosha mama yake, akashindwa, akatoka nje na kukaa nyuma ya banda la kuku.

Wageni walikuja kutoka Magu na mitaa ya jirani. Walimkuta mama mkwe amekonda, uso umebaki macho, na mwenyewe alimwambia kila aliyeingia maneno yale yale. Alisema mnamwona huyu Mhaya wangu. Alisema bila huyu mngekuwa mnatazama kaburi. Leonsia alikuwa anasimama na kwenda jikoni kila anaposikia sentensi hiyo ikianza, na wageni walidhani ni unyenyekevu.

Mkataba wake ulisainiwa, wa miaka miwili badala ya mmoja. Mwezi huohuo ripoti ya visu ilitoka, ikasomwa kwenye mkutano wa madaktari na kubandikwa kwenye ubao wa kitengo. Ilisema kisu cha ncha wazi kilitoboa matumbo saba kati ya kumi na mawili na cha kauri moja, na ikashauri daktari mwanafunzi asipewe ncha wazi mpaka azoee. Bi Kashindye hakuwemo. Utafiti ulihusu nguruwe. Mwishoni waandishi walimshukuru muuguzi aliyehesabu, na Bwana M. Mashimba aliyetoa matumbo. Mtu wa ofisini alimpa Leonsia nakala ampelekee mumewe. Hakumpelekea, aliiacha ndani ya mkoba, na Maige akaikuta alipokuwa anatafuta chenji. Ilikuwa Kiingereza, hakuelewa zaidi ya jina lake. Aliitundika kwenye banda lake juu ya mizani.

&nbsp;

Jumapili moja alasiri, mwezi wa tatu tangu upasuaji, Maige alikuwa bandani na Gladness alikuwa kanisani kwenye mafundisho ya watoto. Leonsia aliingia na bakuli la uji, akaliweka juu ya stuli, hakuketi.

"Mama, nina neno."

"Lisemee hapohapo."

Alilisema lote. Alieleza kwamba Dokta Rwehumbiza hakuwahi kusema atakata yeye. Alieleza visu viwili na matumbo ya nguruwe, kwamba alihesabu kwa mikono yake na alijua kipi kinatoboa. Alieleza kabati. Alisema kisu kilichomtoboa alikitoa yeye.

Bi Kashindye alikuwa anatazama dari.

"Nilikusikia," alisema.

"Mama?"

"Ulisema ufunguo ninao. Yule bwana akasema ni cha saa nane. Ukasema ni mama mkwe wangu, akakujibu vile alivyokujibu. Halafu ukanyamaza." Alipumzika, maana sentensi ndefu zilimchosha. "Mdomo wangu ulikuwa na lile liplastiki. Nikawa nangoja useme tena. Hukusema."

Leonsia aliuliza kwa nini miezi yote hii alikuwa anamsifu mbele za watu.

"Ningesema ukweli, Maige angekufukuza siku ileile. Ungekwenda kwenu Bukoba na mtoto. Mimi angenilisha nani? Mwanangu hawezi hata kunigeuza." Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza bei ya mahindi. "Nikikusifu unaona haya. Ukiona haya unaamka alfajiri."

Leonsia alipiga magoti kando ya kitanda na kuanza kulia. Aliomba msamaha, kwa Kiswahili, kisha kwa lugha ya kwao, ambayo mama mkwe hakuijua.

"Inuka. Usinipigie magoti." Mkono wa mgonjwa ulitoka chini ya blanketi ukafanya ishara ya kufukuza, kama mtu anavyofukuza kuku. "Umekuja kunitwisha mzigo. Mimi nimebaki mifupa, nitaubeba na nini? Msamaha sina. Ningekuwa nao ningekupa, tukalala wote. Sina."

"Nitamwambia Maige leo."

"Hutamwambia. Nikiwa hai hutamwambia. Nikishakufa, mwambie, mwambie na redio ukitaka." Alifumba macho, kisha akayafumbua tena. "Uji unapoa."

Leonsia alifuta uso kwa upande wa kanga, akaketi na kuchukua kijiko. Mama mkwe alifungua mdomo. Siku hiyo alikula vijiko saba na hakutapika.

Waliishi hivyo wiki tisa zaidi. Mbele ya watu sifa ziliendelea, neno kwa neno, na wageni walipotoka chumba kilinyamaza. Bi Kashindye hakumtukana wala hakumsingizia. Alimwita kwa jina la mtoto, Mama Gladness, kama zamani, akataka maji, akataka kugeuzwa. Mara moja tu, Leonsia akimwosha mgongo, alimwuliza kama yule kijana aliyemkata amefaulu mtihani. Leonsia alisema amefaulu. Mama mkwe alisema sawa, mgongo huo sugua kushoto.

Alikufa mwezi Agosti, saa tano asubuhi, Leonsia akiwa kazini. Gladness ndiye aliyekuwa naye. Alikuwa ameshafika kijiko cha nne.

&nbsp;

Walimzika Magu, kwenye shamba la mumewe. Njiani, kwenye gari lililobeba jeneza, Leonsia alikuwa amepanga maneno. Angemwambia Maige baada ya matanga, wakiwa wawili, bila kujitetea, kuanzia koridoni alikomsalimia daktari kwa Kihaya mpaka kabati. Aliyarudia moyoni mpaka yakawa mafupi. Zuio la mama mkwe lilikuwa limekwisha. Pamoja na hofu, alihisi kitu kama nafuu, akaona haya kukihisi karibu na jeneza.

Baada ya kufukia, katekista aliombea chakula, lakini Maige aliomba kabla watu hawajakula aseme kidogo. Hakuwa msemaji. Alisimama na kofia mkononi, macho yamevimba. Alisema mama yake alitobolewa na bahati mbaya, kwa kuwa tumbo lake lilikuwa jembamba, na madaktari walifanya kila kitu. Alisema mtoto wa kumzaa alishindwa hata kumwosha, yeye hapo aliposimama, na anaona aibu kulisema. Alisema mtu wa mbali, wa kabila lingine, ndiye aliyemlisha mama yao kila saa mbili kwa miezi minne na zaidi. Alisema kama kuna mtu kwenye ukoo aliyewahi kusema alioa vibaya, leo anyamaze.

Dada yake mkubwa, Selina, ambaye ndiye aliyekuwa akilisema hilo kila sikukuu, alisimama mbele ya watu wote analia. Alikuwa na kitenge kipya, doti nzima. Alimfunika Leonsia mabegani, akakikaza kifuani kwake kama anavyofungwa bibi harusi, akamwambia kwamba kuanzia leo yeye ni mtoto wa nyumba, na siku yake ikifika atalala palepale, kando ya mama. Wanawake walipiga vigelegele vya kilio na kushukuru.

Kisha mtu fulani nyuma alisema aseme na yeye neno.

Leonsia alimtafuta Maige kwa macho. Alikuwa amesimama kandokando ya udongo mbichi, anamtazama kwa uso uliokuwa wazi kabisa, kama wa Gladness. Leonsia aliyatafuta maneno aliyokuwa ameyapanga njiani, yote yalikuwepo, hakuna lililopotea. Alifungua mdomo.

"Nilifanya nilichoweza," alisema.

Watu waliitikia amina. Selina alimshika mkono, akampitisha katikati ya waombolezaji mpaka kwenye mkeka wa wafiwa, na ndugu wakasogea kumpa nafasi ya kukaa.